Tairi za Gari la Nyumbani: Tusinunue kwa Bei Peke Yake



Katika mkutano wa tawi letu wa mwezi uliopita, mambo ya mishahara yalipokwisha na watu wakawa wanaanza kuvaa makoti, ndugu mmoja wa karakana alisimama akauliza swali. Alisema: "Mimi nina motokaa ndogo ya kuchukua watoto, na tairi zake zimekwisha. Muuzaji ananiambia ninunue tairi za majira yote, za jua na za mvua na za baridi. Je, tairi za namna hiyo zipo kweli, au hiyo ni njia nyingine ya kuula mshahara wangu?" Watu wengine walicheka. Mwenyekiti akasema jambo hilo si la chama, tukaenda zetu.

Mimi naona mwenyekiti alikosa, na nasema hivyo kwa heshima. Jambo hilo ni la chama kabisa. Motokaa ya mfanyakazi si ya fahari. Wengi wetu tumeinunua kwa mkopo wa chama cha akiba, na mkopo huo hukatwa katika mshahara kila mwezi kwa muda wa miaka. Motokaa hiyo hupeleka mama hospitali usiku, huchukua watoto shuleni, na mwezi wa Disemba hutupeleka nyumbani kwa wazee. Ikiwa chama chatetea mshahara wa mtu, kwa nini kinyamaze mshahara huo unapoliwa dukani, tena pamoja na roho za watoto?

Nami nina jambo la kukiri, maana sitaki mtu adhani kwamba naandika kama mwalimu. Disemba 2019 nilitaka kwenda kwetu Taita na jamaa yangu. Tairi mbili za nyuma zilikuwa kipara. Karo ya shule ilikuwa imekwisha kumeza pesa, basi nikaenda kwa muuzaji mmoja wa kando ya barabara nikanunua tairi mbili kuukuu. Zilikuwa nyeusi zenye kung'aa kama viatu vya polisi, na mifereji yake ilikuwa na kina kizuri. Nililipa nikafurahi kwamba nimebakiza pesa ya unga na sukari ya wazee.

Tulipita Mtito Andei saa saba ya mchana. Jua lilikuwa kali, gari lilikuwa limejaa, mimi na mke wangu na watoto watatu, na mizigo hata juu. Tairi moja ya nyuma ikapasuka. Gari lilivutwa mpaka upande wa pili wa barabara, na ninyi mnaijua barabara ile, jinsi malori yanavyofuatana. Kwa rehema za Mungu upande ule ulikuwa mtupu kwa dakika ile. Gari likasimama majanini. Hakuna aliyesema neno, mpaka mtoto wangu mdogo akauliza, "Baba, gari limekufa?"

Dereva mmoja wa lori alisimama akatusaidia kutia spea. Alipoishika ile tairi iliyopasuka alinionyesha mambo mawili. Kwanza, mifereji ile haikutoka kiwandani. Ilichongwa kwa kisu cha moto katika tairi iliyokwisha, hata waya za ndani zilikuwa karibu kuonekana. Pili, alinionyesha tarakimu nne ubavuni, akanisomea: tairi ilikuwa na umri wa miaka 11. Akasema, "Ndugu yangu, hii ni ya kupeleka Kariokor ikatengenezwe akala. Si ya kubeba watoto." Tangu siku hiyo nimejifunza, na haya ndiyo niliyojifunza.

MAJIRA YOTE NI MAJIRA YA NANI?

Tujibu kwanza swali la ndugu yetu. Tairi za majira yote zipo kweli, lakini majira yanayotajwa si yetu. Katika nchi za Ulaya, Japani, na sehemu za Marekani, kuna miezi ya joto na miezi ya theluji. Watu wa huko wana tairi za namna tatu. Ziko za joto, ambazo mpira wake ni mgumu kidogo, nazo hushika barabara vizuri kavu au yenye maji. Ziko za theluji, ambazo mpira wake ni laini ili usikauke kama ubao baridi ikizidi. Hizo zimefanywa kwa hali ya joto iliyo chini ya digrii 7 hivi. Tena ziko za majira yote, ambazo zimewekwa katikati ili mtu asibadilishe tairi mara mbili kila mwaka. Kitu cha katikati hakishindi pande zote. Katika joto kali ni kawaida tairi hiyo kushindwa kidogo na tairi ya joto, na katika theluji nyingi hushindwa na tairi ya theluji.

Sasa tujiulize. Kenya ina theluji wapi, isipokuwa juu ya Mlima Kenya ambako hakuna motokaa? Majira yetu sisi ni jua la Voi na Mombasa, masika ya Machi mpaka Mei, vuli ya Oktoba mpaka Disemba, na ukungu wa Limuru mwezi wa Julai. Ni mara chache sana mfanyakazi kuendesha gari katika baridi ya chini ya digrii 7. Kwa hiyo tairi ambayo huko Ulaya huitwa ya joto, ikiwa ni nzuri kwa maji, hiyo kwetu ndiyo ya majira yote. Yatosha Januari mpaka Disemba.

Sisemi kwamba tairi iliyoandikwa All Season ni mbaya. Ikiwa bei yake ni ileile, na alama zake za maji na za joto ni nzuri, inunue. Ninalosema ni kwamba mfanyakazi wa Kenya asilipe hata senti moja zaidi kwa ajili ya theluji.

Kuna alama mbili ambazo wauzaji huzitukuza. Moja ni M+S, maana yake tope na theluji. Alama hiyo ni neno la mwenye kiwanda tu juu ya umbo la mifereji. Hakuna mtihani unaotakiwa kabla ya kuipiga chapa. Mtu anayekaa mwisho wa barabara ya murramu, au kwenye udongo mweusi wa Kitengela, aweza kupata faida katika mifereji mipana ya namna hiyo, lakini aitazame mifereji yenyewe, asitazame herufi. Alama ya pili ni mlima wenye vilele vitatu na kipande cha theluji ndani yake. Hiyo imepita mtihani wa kweli, lakini mtihani huo ni wa theluji. Kwetu haitusaidii kitu.

Tena kuna neno moja la kuogopa: STUDLESS. Limepigwa chapa katika tairi za theluji za Japani. Magari mengi tunayonunua hutoka Japani yakiwa yametumika, na baadhi yao hushuka Mombasa yakiwa bado yamevaa tairi hizo. Mtu huziona zina mifereji mingi, akafurahi. Hajui kwamba mpira wake laini huliwa upesi na lami ya moto, na kwamba breki zake huchelewa kulisimamisha gari. Ukiona neno hilo, weka pesa upande wa tairi nyingine.

MAMBO YA KUTAZAMA DUKANI

Ndugu, nendeni dukani na karatasi hii mfukoni.

1. Kipimo. Tazama kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Tuseme kimeandikwa 195/65 R15 91H. Hapo 195 ni upana wa tairi kwa milimita. 65 ni kimo cha ubavu, yaani asilimia 65 ya upana huo. R ni namna nyuzi zilivyosukwa ndani, na 15 ni inchi za rimu. 91 ni uzito ambao tairi moja yaweza kubeba, yaani kilo 615. H ni mwendo, kilomita 210 kwa saa. Hakuna kati yetu anayekwenda mwendo huo, wala asijaribu. Lakini ile hesabu ya uzito isishuke chini ya ile ya kibandiko, hata muuzaji akisema "hii itaingia tu." Kuingia itaingia. Kubeba watu watano na gunia la viazi ni habari nyingine.

2. Umri. Tafuta herufi DOT ubavuni, kisha tarakimu nne za mwisho. Mbili za kwanza ni juma, mbili za pili ni mwaka. 3519 maana yake juma la 35 la mwaka 2019. Kama upande mmoja hauna tarakimu hizo, tazama upande wa pili. Mpira huzeeka hata ukikaa stoo bila kugusa barabara. Kampuni kadhaa za motokaa hushauri tairi zibadilishwe baada ya miaka 6, na kampuni za tairi husema zisizidi miaka 10 kwa vyovyote. Serikali ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika ambalo limezidi miaka 8, lakini gari la miaka 7 laweza kuja na tairi za miaka 7. Kwa hiyo anayenunua gari kutoka Japani asome tairi zake siku ileile ya kwanza.

3. Kina cha mifereji. Ndani ya mifereji kuna vijiti vidogo vya mpira vilivyowekwa na kiwanda. Mpira wa juu ukilingana na vijiti hivyo, umebaki na milimita 1.6, na tairi imekwisha. Lakini kwa mvua usingoje mpaka hapo. Kazi ya mifereji ni kutoa maji chini ya tairi. Ikiwa mifupi, tairi hupanda juu ya maji kama mtumbwi, na usukani huwa haufanyi kazi tena. Wataalamu wengi hushauri kubadilisha ikifika milimita 3.

4. Tairi zilizochongwa. Kuna tairi za lori zilizofanywa nene kusudi zichongwe mara ya pili, nazo zimeandikwa hivyo ubavuni. Tairi ya motokaa ndogo haichongwi. Pitisha kidole katika mfereji. Ukiona chini pana mikwaruzo ya kisu, au vile vijiti vya kiwanda vimekatwa, ondoka hapo. Ukiona inang'aa mno, uliza imepakwa nini na inaficha nini.

5. Alama za maji na joto. Tairi nyingi zina maneno matatu ubavuni. Treadwear ni hesabu ya kudumu. Hesabu kubwa ni kudumu zaidi, ila kila kiwanda hujipimia chenyewe, kwa hiyo usiifanye kuwa Injili. Traction ni kushika barabara yenye maji wakati wa breki. AA ni ya juu, kisha A, B na C. Temperature ni kuvumilia joto. A ndiyo ya juu. Kwa mtu wa Mombasa, na kwa kila mtu anayesafiri mchana kwenda pwani, mimi nasema atafute A ya joto. Zile zenye karatasi ya Ulaya, tazama picha ya wingu la mvua: A ni bora, E ni ya mwisho.

6. Ukinunua mbili tu. Wengi wetu hatuna pesa za nne kwa mara moja, na hiyo si aibu. Nunua mbili zinazofanana, uziweke nyuma, zile za zamani zilizo nzuri ziende mbele. Najua mafundi wengi hufanya kinyume. Lakini tairi za nyuma zikiteleza katika maji, gari huzunguka, na si kila dereva aweza kulirudisha.

Baada ya kununua, kuna kazi ya upepo. Upepo upimwe asubuhi, tairi zikiwa baridi, kwa kadiri iliyoandikwa kwenye kibandiko cha mlango. Hesabu iliyo ubavuni mwa tairi ni mwisho wa upepo, si upepo wa kila siku. Na yako mazoea mabaya ambayo nami nilikuwa nayo. Watu wanaokwenda pwani hupunguza upepo njiani, wakidhani wanazuia tairi isipasuke kwa joto. Kumbe wanaifanya ipasuke. Tairi yenye upepo mdogo hujikunja kila inapozunguka, na kujikunja huko ndiko kunakoleta joto lililo baya zaidi. Gari likijaa watu na mizigo, upepo uongezwe kama kibandiko kinavyosema. Wala msiisahau spea.

"SINA PESA"

Najua jibu litakalokuja. Ndugu atasema: "Hayo yote ni kweli, lakini mshahara wangu ni mdogo, na tairi kuukuu ndiyo ninayoweza." Sitamcheka mtu huyu, maana nilikuwa yeye. Lakini tupige hesabu pamoja. Tuseme tairi kuukuu ni shilingi 4,000 nayo ikaenda kilomita 10,000. Kila kilomita imekula senti 40. Tuseme tairi mpya ni shilingi 9,000 nayo ikaenda kilomita 40,000. Kila kilomita imekula senti 22 na nusu. Bei zenu zitakuwa tofauti na hizi za mfano. Pigeni hesabu zenu wenyewe. Mara nyingi mtaona kwamba maskini ndiye anayelipa zaidi, kwa sababu hana pesa za kulipa mara moja. Rahisi ni ghali, na wazee walisema hivyo kabla ya motokaa kufika.

Basi ugonjwa hapa si ujinga wa mfanyakazi. Ugonjwa ni kwamba kila mmoja aenda dukani peke yake, siku ambayo tairi imekwisha kupasuka, akiwa na pesa zilizobaki baada ya karo na kodi ya nyumba. Muuzaji amwona anavyotoa jasho. Hiyo ni sawasawa na mfanyakazi mmoja anayeingia ofisini peke yake kuomba nyongeza. Sisi tulijifunza zamani kwamba mtu mmoja hashindi ofisini. Kwa nini hatujajifunza kwamba hashindi dukani?

Na tukumbuke ndugu zetu waliotengeneza tairi hapa hapa. Kiwanda cha Nairobi kilichojulikana kwa jina la Firestone, ambacho baadaye kilikuwa cha Sameer Africa na kutoa tairi za Yana, kiliacha kutengeneza tairi mwaka 2016, na wafanyakazi wakapoteza kazi. Bidhaa za rahisi kutoka nje zilitajwa kuwa sababu mojawapo. Sisemi kwamba tairi ya nje ni mbaya. Nyingine ni nzuri sana. Nasema kwamba hakuna bei inayoshuka bure. Mahali fulani kuna mtu ameilipa, na mara nyingi ni mfanyakazi.

NINAYOPENDEKEZA

Naomba tawi letu lifikiri mambo matatu katika mkutano ujao.

La kwanza, tuchague wanachama wawili au watatu walio mafundi, ili mtu yeyote anayetaka kununua tairi aende na mmoja wao, au amletee ile hesabu ya ubavuni aisome. Ujuzi tunao humu humu; tunauuza kwa mwajiri kila siku, lakini ndugu zetu hatuwapi.

La pili, chama cha akiba kiwe na mkopo mdogo wa tairi, wa kulipwa kwa miezi michache. Kama tuna mkopo wa karo na wa msiba, mkopo wa kuzuia msiba nao unafaa.

La tatu, kabla ya Novemba, tuandike majina ya wote wanaohitaji tairi na vipimo vyao, tuende kwa wenye maduka watatu au wanne na orodha moja. Mtu anayenunua tairi 60 husikilizwa kuliko anayenunua mbili. Na kila mmoja apewe risiti, ili tairi ikiwa na kasoro tujue pa kurudi.

Madereva wanaoendesha magari ya waajiri, jambo hili lawahusu zaidi. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inataja tairi kwa jina lake kati ya vitu ambavyo sharti viwe katika hali isiyo ya hatari. Lakini barabarani anayesimamishwa na polisi ni dereva, na anayekufa kwanza ni dereva. Ukipewa gari lenye tairi kipara, liandike kwa kalamu, weka nakala, umpe mwakilishi wa chama. Usiseme kwa mdomo tu. Maneno ya mdomo husahauliwa siku ya ajali.

Mwisho, nawaombeni jambo lisilo na gharama. Jumapili hii asubuhi, kabla tairi hazijapata joto, chukua njiti ya kiberiti, itie alama ya kalamu kwenye milimita 3, kisha chuchumaa kando ya gari lako uipitishe katika mifereji ya tairi zote nne na ya spea. Soma na zile tarakimu nne. Waite watoto waje watazame, maana nao ndio wanaoketi juu yake. Utakayoyaona, yalete mkutanini, na safari hii tumwombe mwenyekiti asifunge mkutano mapema.

Umoja ni nguvu.

Ni mimi, mwanachama mwenzenu wa karakana.